Lugha ya Amri katika CP/M: Uhakiki wa Msamiati, Sintaksia na Matoleo Yake

Utangulizi

Wahakiki wa lugha wamezoea kuchambua maandishi ambayo mtu humwandikia mtu mwenziwe. Makala haya yanakusudia kuchambua maandishi ya namna nyingine: maneno machache ambayo mtu huiandikia mashine ili itende, na maneno machache zaidi ambayo mashine humrudishia. Mfano tulioutwaa ni CP/M, mfumo endeshi wa kompyuta ndogo uliobuniwa Marekani mnamo 1974, ukaenea katika mashine za watengenezaji wengi mbalimbali hadi katikati ya miaka ya 1980.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mwalimu wa Kiswahili ajishughulishe na mfumo ambao soko liliuacha zamani. Sababu ni mbili. Kwanza, mfumo umeachwa lakini lugha yake ingali inasemwa. Maneno DIR, REN na TYPE, pamoja na desturi ya kuziita diski kwa herufi na nukta mbili, yamo hata leo katika dirisha la amri la Windows, na kijana anayejifunza kompyuta Nairobi au Kisumu huyakariri bila ya kujua yalikotoka. Pili, katika mijadala yetu ya istilahi husikika mara kwa mara hoja kwamba amri za kompyuta ni fupi ilhali Kiswahili ni kirefu, na kwa hiyo afadhali amri ziachwe zilivyo na tutafsiri maelezo tu. Hoja hii hukubaliwa kwa wepesi mno. Anayeishikilia hana budi kwanza aonyeshe ufupi huo ulitoka wapi na ulimnufaisha nani.

Tutajaribu kuonyesha mambo matatu. La kwanza ni kwamba ufupi wa amri za CP/M ulitokana na uhaba wa nafasi. La pili ni kwamba udhaifu mkubwa wa lugha hii ulikuwa katika kutodhihirisha uhusiano baina ya nomino zake. La tatu ni kwamba uhusiano huo ndio hasa Kiswahili hukidhihirisha katika kitenzi, tena kwa herufi chache.

1. Mazingira ya kuzaliwa kwake

Mtunzi wa CP/M, Gary Kildall, alikuwa mwalimu katika chuo cha uzamili cha jeshi la wanamaji la Marekani huko Monterey, California, na pia mshauri wa kampuni ya Intel, ambayo aliitungia lugha ya programu iitwayo PL/M. Yeye na mkewe, Dorothy McEwen, walianzisha kampuni iliyoitwa Intergalactic Digital Research, jina ambalo baadaye lilipunguzwa likawa Digital Research, katika mji wa Pacific Grove. Mfumo wao ulitungwa kwa ajili ya kichakataji cha Intel 8080 na diski laini ya inchi 8.

Mhakiki hana budi kuujua ufinyu wa mazingira hayo kabla ya kutoa hukumu. Diski ya kawaida ya wakati ule ilikuwa na mizunguko 77, kila mzunguko sekta 26, na kila sekta baiti 128. Yaani jumla ya baiti 256,256, na baadhi yake zilitengewa mfumo wenyewe. Kumbukumbu ambayo kichakataji kile kingeweza kuifikia haikuzidi baiti 65,536. Katika toleo la 2.2 sehemu inayosoma amri za mtumiaji, iitwayo CCP, ilipewa baiti 2,048, na sehemu inayoshughulikia mafaili, iitwayo BDOS, ikapewa baiti 3,584. Sehemu ya tatu, BIOS, iliandikwa upya na kila mtengenezaji kulingana na mashine yake. Mgawanyo huo ndio sifa kuu ya CP/M, na yafaa tuitaje mapema ili isidhaniwe kuwa tumekuja kubeza tu. Mashine zilitofautiana kama lahaja zinavyotofautiana, lakini tofauti zote zilikusanywa katika BIOS, na juu yake ikakaa lugha moja sanifu. Mtu aliyejifunza amri kwenye mashine moja aliweza kuketi mbele ya nyingine na akaeleweka.

Basi ndani ya baiti 2,048 zile palikuwa na jedwali la amri, na humo kila amri ilitengewa nafasi ya herufi nne, bila kuzidi. Anayelisoma jedwali hilo ataona: DIR na nafasi moja tupu, ERA na nafasi moja tupu, TYPE, SAVE, REN na nafasi moja tupu, USER. Hapa ndipo penye asili ya ufupi unaosifiwa. Neno la Kiingereza lenye maana ya kufuta lina herufi tano, na lenye maana ya kubadili jina lina sita. Yote mawili hayaenei, kwa hiyo yakakatwa. TYPE na SAVE yalienea, yakaachwa mazima. Hapakuwa na kanuni ya kisarufi iliyosema kwamba kitenzi kimoja kikatwe na kingine kisikatwe. Palikuwa na kisanduku cha herufi nne.

2. Aina za maneno

Tukiyatazama maneno haya sita kwa jicho la mwanasarufi, tutaona mchanganyiko wa ajabu. TYPE, SAVE, ERA na REN ni vitenzi, viwili vizima na viwili vilivyokatwa. DIR ni nomino iliyokatwa, yenye maana ya orodha ya majina. USER ni nomino nzima, yenye maana ya mtumiaji. Iliingia katika matoleo ya 2, mnamo 1979, wakati diski moja ilipogawanywa katika maeneo 16 yaliyohesabiwa kuanzia 0 hadi 15. Nomino hizi mbili zimewekwa mahali pa kitenzi na kutakiwa zifanye kazi ya kitenzi.

Nje ya jedwali hilo zilikuwako programu zilizokaa kwenye diski, ambazo mtumiaji aliziita kwa majina yake kana kwamba ni amri. Mashuhuri kati yake ni PIP, iliyonakili mafaili. Neno hili si kitenzi wala nomino ya kawaida. Ni herufi za mwanzo za maneno yenye maana ya programu ya kubadilishana baina ya vifaa, na lilirithiwa kutoka mashine kubwa za kampuni ya Digital Equipment. Programu ya STAT nayo ilikuwa nomino iliyokatwa, na ilibebeshwa kazi nyingi zisizohusiana: kutaja nafasi iliyobaki kwenye diski, kutaja ukubwa wa mafaili, kuliwekea faili kinga lisiandikwe, hata kuelekeza machapisho kwenye kifaa fulani.

Msamiati wa vifaa ulikuwa na mabaki ya kale zaidi. RDR na PUN, yaani kisomaji na kitoboaji, yalikuwa majina ya mashine za utepe wa karatasi, na yaliendelea kutumika katika toleo la 2.2 kwenye kompyuta ambazo wenyewe hawakupata kuuona utepe huo. Jambo hili peke yake si la kulaumiwa. Sisi pia twapiga simu na twapiga picha, na hapana kinachopigwa. Lugha hubeba mabaki. Tofauti ni kwamba msemaji wa Kiswahili huyapata mabaki yake ndani ya kitenzi anachokijua, naye huweza kukisia. Mtumiaji wa CP/M aliyapata katika vifupisho vya herufi tatu ambavyo havikumpa la kukisia.

Kwa msemaji wa Kiingereza ERA ni kitenzi kilichojeruhiwa, lakini bado hukitambua. Kwa mwanafunzi wetu si kitenzi hata kidogo. Ni hirizi: huiandika kama alivyoonyeshwa, na ikifanya kazi hushukuru. Elimu inayopatikana kwa njia hiyo haimwezeshi mtu kubuni chochote.

3. Sintaksia: mtoaji na mpokeaji

Sasa tufikie jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha uhakiki huu. Katika CP/M, mtu akitaka kunakili faili kutoka diski A hadi diski B, huandika hivi:

PIP B:=A:BARUA.TXT

Na akitaka faili liitwalo BARUA liitwe WARAKA, huandika:

REN WARAKA.TXT=BARUA.TXT

Mpokeaji hutangulia, mtoaji hufuata. Jina jipya hutangulia, la kale hufuata. Alama iliyo katikati imetoka katika lugha za watunga programu, ambamo kitu kilicho kushoto hupokea thamani ya kilicho kulia. Kwa Kildall, aliyekuwa ametunga lugha ya programu yeye mwenyewe, mpangilio huu ulikuwa wa kawaida kabisa. Kwa karani au mwalimu asomaye kutoka kushoto kwenda kulia, ulikuwa kinyume.

Mwandishi wa makala haya anao ushahidi wake mwenyewe. Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ng'ambo, chuo kilikuwa na chumba cha kompyuta za kale zilizohifadhiwa zikiwa nzima, na wanafunzi wa isimu tuliruhusiwa kuzitumia katika somo la lugha za mashine. Nilikuwa nikiandika humo maelezo yangu juu ya hali ya kuamuru katika Kiswahili, nakala mpya ikiwa kwenye diski B na ya zamani kwenye diski A. Jioni moja nilitaka kuipeleka nakala mpya A. Nikaandika PIP B:=A:MAELEZO.TXT, nikiisoma akilini mwangu kuwa ni kutoka B kwenda A. Mashine ilitii. Nakala ya zamani ililalia juu ya ile mpya, halafu kidokezo kikarudi bila ya neno lolote. Faili lenye tamati ya BAK, ambalo kihariri cha ED hulibakiza, lilinirudishia kazi ya siku zilizotangulia. Kazi ya jioni ile ilipotea yote. Mtu aweza kusema kwamba nilistahili kuusoma mwongozo, na ni kweli. Lakini kosa ambalo msomaji makini hulitenda kwa kufuata mazoea ya kusoma ni kosa linalomfundisha mhakiki jambo fulani kuhusu matini.

Kwa muda mrefu nilidhani kwamba tatizo lilikuwa mpangilio wenyewe, yaani kwamba mpokeaji ametangulizwa isivyo. Sasa naona kwamba nilikosea, na Kiswahili ndicho kilichonisahihisha. Sisi pia humtanguliza mpokeaji. Twasema: mpe Amina kalamu, mwandikie mama barua. Katika sentensi hizi mpokeaji huja kwanza na kitu hufuata, na hata mtoto hawezi kuvichanganya. Kwa nini? Kwa sababu kitenzi chenyewe kimeshatangaza. Kiambishi m- kinamwelekea mtu, wala hakiwezi kuielekea kalamu. Na kiambishi cha kutendea katika -andikia kinatangaza kwamba yuko anayeandikiwa. Mpangilio wa maneno ukija, huja kuthibitisha yaliyokwisha kusemwa.

CP/M haikuwa na kitu cha namna hiyo. B na A ni nomino za ngeli moja, mafaili yote mawili ni nomino za ngeli moja, na alama iliyo katikati haina upande. Maana yote ya sentensi imewekwa juu ya mpangilio peke yake, na msomaji akiusahau mpangilio hana pa kushika. Basi kosa la CP/M si kumtanguliza mpokeaji. Kosa ni kutomvisha alama yoyote ya kumtambulisha.

Ushahidi wa hoja hii umo katika yaliyofuata. Mfumo wa DOS, ambao Tim Paterson aliutunga mnamo 1980 kwa kuuiga mwenendo wa CP/M, na ambao Microsoft iliununua ukatolewa pamoja na kompyuta ya IBM mnamo Agosti 1981, uliitupa PIP ukaleta COPY, na ukageuza mpangilio: mtoaji kwanza, mpokeaji baadaye. Wengi waliyaona hayo kuwa maendeleo, na kwa upande wa aina ya neno ni maendeleo, maana COPY ni kitenzi kizima. Lakini nomino mbili zilibaki uchi kama zilivyokuwa. Aliyetoka CP/M akaandika kwa mazoea yake ya zamani alipoteza kazi kama aliyeingia CP/M kutoka kwingine. Ugonjwa haukutibiwa, mgonjwa aligeuzwa ubavu.

4. Majibu ya mashine

Lugha ya amri ina pande mbili, na upande wa pili ni majibu. Mtumiaji wa toleo la 2.2 aliyeandika neno lisilojulikana alijibiwa kwa neno lilelile likiwa na alama ya kuuliza. Aliyeandika DRI badala ya DIR alirudishiwa DRI? na basi. Aliyeandika jina sahihi la programu ambayo haikuwamo kwenye diski ile alijibiwa vivyo hivyo. Aliyetaka kusoma kwa TYPE faili ambalo halipo alirudishiwa jina la faili na alama ileile. Makosa matatu ya asili tofauti, yaani la tahajia, la diski na la faili, yalipewa jibu la umbo moja.

Kwetu sisi kumrudishia mtu neno lake kwa sauti ya kuuliza kuna maana zake. Mzee akifanya hivyo kwa kijana, kijana hujua kwamba amesema jambo lisilofaa, naye huanza kujitafuta. Sitaki kusema kwamba mashine ilikusudia dharau. Mashine haina kusudi, na aliyeitunga alikuwa akihesabu baiti. Lakini adabu katika mazungumzo si pambo tu. Ni njia ya kumpa msikilizaji anachohitaji ili aendelee. Anayejibu kwamba hakuelewa neno la pili, tafadhali lirudie, amekuwa na adabu na pia ametoa habari. Alama ya kuuliza peke yake haina adabu wala habari.

Ujumbe wa hatari ulikuwa mfupi vilevile. Diski ikiwa na kasoro, mtu aliona BDOS ERR ON B: BAD SECTOR, kisha kimya. Katika hali hiyo aliweza kubonyeza kitufe cha kurudi ili kosa lipuuzwe, au Control na C ili mfumo uanze upya na kazi iliyokuwa ikifanywa ikatike. Uchaguzi huo mzito haukuandikwa kwenye kioo. Ulikuwa katika mwongozo, na mwongozo aghalabu hukaa kwa mwenye kompyuta, si kwa anayeitumia. Tena aliyebadilisha diski bila ya kubonyeza Control na C alikatazwa kuiandika, kwa herufi mbili na mkwaju: R/O. Zilimaanisha kwamba diski sasa ni ya kusomwa tu. Hazikumwambia kwamba sababu ni yeye kuingiza diski mpya bila ya kubisha hodi.

Haki inatutaka tutaje pia pale ambapo mfumo ulimjali mtumiaji. Aliyeandika ERA *.*, yaani futa kila kitu, aliulizwa ALL (Y/N)? kabla ya kutiiwa. Na PIP ilipokuta kwamba faili la kupokea limewekewa kinga, iliuliza kama lifutwe au lisifutwe. Hivyo watunzi walijua kwamba yako maneno ambayo hayafai kutekelezwa kabla ya kuulizwa. Lakini ERA ya faili moja lililotajwa kwa jina haikuuliza, na kwa mwandishi aliyepoteza sura moja ya kitabu, faili moja ndilo kila kitu.

5. Toleo la 3 na marekebisho yake

Toleo la 3, lililouzwa kwa jina la CP/M Plus mnamo 1983, ndilo jibu la kampuni yenyewe kwa mengi ya tuliyoyataja. Katika toleo hili vitenzi viliponywa: ERASE na RENAME viliandikwa vizima, na vifupi vikakubaliwa kwa ajili ya waliovizoea. Mzigo wa STAT uligawanywa. SHOW ikapewa kazi ya kuonyesha, SET kazi ya kuweka sifa na kinga, na DEVICE kazi ya kuelekeza vifaa. RDR na PUN yakaondoka. ERASE iliweza kuongezewa neno CONFIRM ndani ya mabano ya mraba, nayo ikauliza juu ya kila faili kabla ya kulifuta. RENAME ikiandikwa peke yake, mashine yenyewe iliuliza jina jipya na la kale. Zaidi ya yote, ililetwa amri ya HELP. Mbegu yake ilikuwako tangu awali katika STAT VAL:, iliyoorodhesha namna za kuitumia STAT, lakini anayehitaji msaada hawezi kuikisia. Kuuliza si ujinga, wasema wahenga. Ajabu ni kwamba katika toleo la 2.2 ilibidi kwanza mtu awe mjuzi ndipo ajue namna ya kuuliza.

Mambo mawili yanastahili kuzingatiwa hapa. La kwanza ni kwamba upana wa usemi ulifuata upana wa kumbukumbu. Toleo la 3 liliweza kutumia kumbukumbu iliyogawanywa katika mafungu, likavuka mpaka wa baiti 65,536. Nafasi ilipopatikana, maneno yalirefushwa mara moja, na waliofanya hivyo ni watunzi walewale. Huu ni ushahidi kwamba hata wao hawakuuona ufupi kuwa fadhila. Waliuvumilia walipokosa nafasi, wakauacha walipoipata.

La pili ni kwamba marekebisho yalikomea kwenye msamiati. Sintaksia haikuguswa: mpokeaji alibaki kushoto ya alama, mtoaji kulia, na hapana alama ya kuwatofautisha. Kurefusha neno ni kazi nyepesi. Kufikiri upya uhusiano wa maneno ni kazi nzito. Aidha toleo hili lilichelewa. Lilikuta wasemaji wengi wamekwisha kuhamia DOS, ijapokuwa mashine kama Amstrad PCW 8256 na Commodore 128, za 1985, zililitumia.

6. Jaribio la herufi nne

Turudi sasa kwenye hoja tuliyoanza nayo, kwamba Kiswahili ni kirefu mno kwa amri. Tufanye jaribio moja dogo kwa masharti magumu kabisa, yale ya jedwali la CCP: herufi nne, bila kuzidi. Kuorodhesha majina ya mafaili ni kuyataja: TAJA. Kufuta ni FUTA. Kuonyesha maandishi ili yasomwe ni SOMA. Kuhifadhi ni WEKA. Kulipa faili jina ni ITA. Kutoka eneo moja la diski kwenda jingine ni HAMA.

Maneno sita, yote ni vitenzi, yote ni mazima, yote yaenea katika kisanduku, na hapana hata moja lililokatwa. Kiingereza katika kisanduku hichohicho kilipata vitenzi viwili vizima, viwili vilivyokatwa, nomino moja iliyokatwa na moja nzima. Jambo hili si muujiza. Mashina mengi ya vitenzi vyetu vya kila siku yana silabi mbili, kila silabi konsonanti na irabu, na hali ya kuamuru ya umoja hutumia shina bila ya kiambishi chochote. Sipendekezi kwamba maneno haya yawe istilahi rasmi. Nasema tu kwamba wanaokihukumu Kiswahili kwa urefu wamekipima kwa vielezo vya vitabu, wala hawajakipima kwa amri.

Lakini faida kubwa zaidi imo katika sintaksia. Kitenzi chetu cha mwendo hubeba upande wake: leta ni huku, peleka ni kule. Anayeandika PELEKA hahitaji kukariri nani yuko kushoto. Na kwa kubadili jina, hali ya kutegemea hutatua kwa neno moja la herufi nne: BADILI BARUA LIWE WARAKA. Kiambishi li- ni cha faili, nalo faili liko katika ngeli ya li-ya. -We kinatangaza kinachotakiwa kutokea. Na msomaji hawezi kudhani kwamba WARAKA ndilo jina la kale. Kukataza nako kuna umbo lake. CP/M haikuwa na kitenzi cha kukataza. Ili kulikinga faili ilibidi mtu aandike STAT, jina la faili, alama ya dola, kisha R/O. Sisi twasema USIFUTE.

Atatokea wa kupinga: mashine haifahamu ngeli wala hali ya kutegemea. Ni kweli, na mnamo 1974, ndani ya baiti 2,048, jibu hilo lingetosha. Leo halitoshi. Mashine haikuifahamu alama ya usawa pia mpaka alipotokea mtu wa kuifundisha, na kulitambua neno LIWE baina ya majina mawili si kazi kubwa kuliko kuitambua alama hiyo. Wala wenzetu hawakungoja ruhusa: mnamo 2004 mradi uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili, kwa jina la Jambo OpenOffice. Kazi ya namna hiyo hutafsiri maneno ya menyu na vidokezo, na ina thamani yake. Kilichobaki ni kazi ambayo tafsiri haiwezi kuifanya, yaani kuitunga sentensi ya amri kwa sarufi yetu wenyewe.

Hitimisho

Mnamo 2014 bamba la ukumbusho liliwekwa mbele ya nyumba iliyokuwa makao ya kampuni huko Pacific Grove, na mwaka huohuo Jumba la Makumbusho ya Historia ya Kompyuta la California lilichapisha matini asilia ya matoleo ya kwanza ya CP/M. Kildall mwenyewe alikuwa amefariki mnamo 1994. Kwa hiyo matini hii sasa iko wazi kwa wahakiki, na haifai iachiwe wahandisi peke yao.

Hukumu yetu ni hii. CP/M ilikuwa kazi bora ya mtu aliyebanwa na nafasi, na umoja ulioletwa na lugha yake katika mashine zilizotofautiana unastahili heshima. Lakini lugha hiyo ilibeba alama za kubanwa kwake, na waliokuja baada yake walizirithi alama hizo kana kwamba ni sheria. Mwanafunzi wetu anapokariri REN leo, anakariri upana wa kisanduku kilichochongwa California kabla hajazaliwa.

Kamati zetu za istilahi zimefanya kazi nyingi katika nomino. Tuna kompyuta na tarakilishi, tuna faili, tuna diski, na tumebishana vya kutosha juu ya lipi ni bora. Vitenzi vimesubiri. Iwapo tutaendelea kusanifu majina ya vitu na kuwaachia wengine majina ya matendo, tutakuwa na lugha inayoweza kueleza kompyuta ni nini, lakini haiwezi kuiambia ifanye neno.